Nimeiona, Baba

Pale Migosi, mtaa wa Kisumu, watu wanamjua Faraji Nasir kwa mambo mawili. La kwanza, yeye ndiye fundi wa madishi. Televisheni yako ikikataa kushika, unampigia Faraji, naye anakuja na ngazi yake begani, anapanda juu ya mabati, anazungusha dishi kidogo huku na kidogo kule, na wewe ukiwa sebuleni unapiga kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo, fundi, usiguse tena!" La pili, yeye ni shahidi wa mwezi. Ramadhani inapokaribia kwisha, msikiti humtuma yeye na wenzake wawili wakatazame mwezi mwandamo upande wa ziwa, na neno watakalorudi nalo ndilo linalopelekwa kwa wakubwa.

Hili la pili lilimpa heshima, na pia lilimtafutia maadui. Mwaka mmoja mawingu yalitanda juu ya ziwa, na mjini watu walikuwa wameshajiandaa kwa Idi, mbuzi wamefungwa uani na vitunguu vya pilau vimeshaanza kukaangwa. Wenzake wawili wakasema huenda wameuona. Huenda! Macho yote yakamgeukia Faraji, na njaa ya mwezi mzima ikiwa ndani ya macho hayo. Akasema, "Mimi niliona ukingo wa wingu. Wingu si mwezi." Basi mji ukafunga siku ya thelathini, na mpaka leo kuna wazee wawili watatu ambao wakimwona anaingia msikitini hujitanua kwenye mkeka ili asipate pa kukaa.

Mtu wa namna hiyo, asiyetamka kuwa ameona mpaka awe ameona, ndiye aliyekuja kushikwa na mapenzi ya setilaiti ya kijeshi ya nchi za watu. Na aliyemwingiza humo ni binti yake, Nuha.

Nuha alikuwa kidato cha nne wakati huo, msichana wa maneno mengi na kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alipata katika simu programu inayoonyesha vitu vinavyopita angani, akamvuta baba yake darini baada ya sala ya magharibi. "Baba, wewe kila siku unaelekeza madishi kwa setilaiti na hujawahi kuona hata moja." Faraji akamweleza kwamba zile za televisheni ziko mbali mno na zimesimama mahali pamoja, haziwezi kuonekana. Nuha akamnyamazisha, akanyoosha kidole. Nukta nyeupe ikatoka upande wa kusini, haina taa ya kumetameta kama ndege wala haina sauti, ikapita juu ya matangi ya maji kwa utulivu wa mtu anayejua aendako. Faraji akasahau kufunga mdomo.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao ya jioni. Baadaye Nuha akagundua kundi la watu mtandaoni, wastaafu na walimu na mafundi wa kila pembe ya dunia, ambao hutazama zile setilaiti ambazo wamiliki wake hawataki zijulikane. Vyombo vya kiraia hutangazwa njia zake, mtu yeyote anaweza kusoma. Vya kijeshi havitangazwi. Basi watu hawa husimama nje na darubini, wanaandika kitu kimepita karibu na nyota gani na saa ngapi, wanatumiana, na kutokana na maneno ya wengi njia inahesabiwa. Faraji aliposikia hivyo alipiga paja. "Kumbe hawa ni mashahidi!" Akaenda sokoni Kibuye, akanunua darubini kuukuu yenye lenzi moja iliyochubuka, na akaingia kundini kwa Kiingereza chake cha risiti na mabango.

Mkewe, Naeema, anayeuza mahamri na sambusa mlangoni, aliona hayo yote kama ugonjwa. "Mchana unahangaika na madishi ya watu, jioni unatafuta la askari. Wakija kukukamata, mimi nitasema sikujui." Jirani yao Wakoli, bawabu kutoka Bungoma aliyepanga chumba cha ghorofa ya juu, alitishika kabisa. Alipoambiwa kwamba mojawapo ya setilaiti hizo inapiga picha za ardhi kwa rada, hata kupitia mawingu, alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya kuanikia. "Mzee Faraji, si ungesema mapema? Hizi boxer zangu ziko na mashimo, na hao watu wako na file yangu huko!"

Hiyo moja, ya rada, ndiyo Faraji na Nuha waliyoichagua kuwa yao. Nuha ndiye aliyemweleza siri yake. Njia yake imepangwa ifuatane na jua. Dunia inazunguka, jua linasonga mbele kutoka mji hadi mji, na yenyewe inazunguka ikipita juu ya ncha za dunia, na kila mahali inapofika, inafika saa ileile ya jua. Kwa hiyo haina usiku wala mchana wake. Popote inapomkuta mtu upande huu, inamkuta magharibi yake imeingia. Jioni nyingine ilipita juu kabisa, nyingine ikapita chini karibu na paa za watu, lakini saa yake ilikuwa ni hiyo, mtu akitoka kusali.

Halafu Nuha akapata kazi Maskati, mji mkuu wa Oman, kwa mkataba wa miaka miwili, kufanya kazi katika nyumba ya familia moja huko. Siku ya kuondoka Faraji hakulia. Alibeba sanduku, akauliza mara tatu kama pasipoti iko, akamwambia ajifunike vizuri kwa sababu ndani ya ndege kuna baridi, kama vile yeye aliwahi kupanda ndege. Ndiyo maneno aliyoyapata. Wababa wengi wa mji huu hawana mengine, na sitawatetea.

Kabla ya kuagana, Nuha alimwonyesha kitu kwenye simu. Maskati iko mashariki, jua linatua huko kwanza. Setilaiti yao ikishapita juu ya Maskati, inazunguka dunia mara moja, na ikirudi upande huu, Kisumu nayo magharibi imeshaingia. "Baba, mimi nitakuwa naiona kwanza. Nikiiona nitakuandikia. Halafu wewe unapanda darini, unaingoja. Itakuwa imetoka kwangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni simu ilitoa mlio, na maneno yalikuwa ni yale yale: Nimeiona, Baba. Faraji akaacha lolote alilokuwa akifanya. Kama yuko Obunga juu ya kibanda cha mtu, alimaliza haraka. Alipanda darini, akaelekeza uso kusini, akangoja. Ikipita, aliifuata kwa darubini mpaka ikazama kaskazini, kisha akamwandikia: Imefika.

Wenyewe waliongea kwa simu pia, ndiyo, Ijumaa kwa Ijumaa. Lakini mazungumzo ya simu yalikuwa yameanza kukauka. Hujambo, sijambo, umekula, nimekula, mpe Mama. Nukta ile ilikuwa na maneno zaidi. Faraji aliitamani na kuionea wivu kwa wakati mmoja. Kitu kile kisicho na roho kiliona paa la nyumba anayoishi mwanawe kila jioni, naye hakujua hata paa hilo lina rangi gani. Kulikuwa na siku alipojikuta amenyoosha mkono juu, mtu mzima wa ndevu za mvi, kama anayesimamisha gari.

Ramadhani hii ilipoingia, mkataba ulikuwa umebakiza wiki chache. Nuha alikuwa amesema atarudi baada ya Idi. Faraji akakipaka rangi chumba chake, rangi ya krimu, akajimwagia nusu yake miguuni. Akamnunulia godoro jipya. Naeema alilitazama godoro lile, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye sambusa zake. Faraji hakuona hilo, yeye na macho yake yote ya kuona mwezi.

Jioni moja alikuwa Katito, mbali na mji, juu ya paa la duka la Gordon, aliyetaka dishi kabla ya mechi. Ujumbe ukaingia: Nimeiona, Baba. Akaona hatawahi kufika Kisumu kabla haijapita, basi aingoje hapohapo juu. Magharibi ikaingia, akafungua kinywa kwa tende mbili na maji ya chupa, akasali sala yake juu ya bati akiomba Mungu lisibonyee, akasimama na darubini. Anga lilikuwa safi. Saa yake ikafika, ikapita. Kusini hakukutoka kitu.

"Fundi!" Gordon alipiga kelele kutoka chini. "Game imeanza na mimi naona tu mchele kwa screen! Unaombea dishi ama unafunga?"

Faraji akakaza dishi la watu, akashuka, akarudi Migosi. Kesho yake vilevile. Ujumbe ulikuja, setilaiti haikuja. Siku ya tatu kundini kukawa na kelele. Mtu mmoja wa Afrika Kusini hakuiona, mwingine wa Uturuki hakuiona. Imehama, walisema. Vyombo vya jeshi vina tabia hiyo, vinawasha injini kimyakimya na kubadili njia, na watazamaji wanabaki wameshika darubini tupu. Hapo kazi ni moja tu. Unakaza macho mahali pamoja kwenye ile njia yake ya zamani na kungoja, kwa kuwa huenda inapita palepale lakini mapema zaidi au baadaye, na hujui lini.

Na hapa ndipo Faraji alipofanya kosa ambalo mtu mwingine wa kundi lile asingelifanya. Katika mambo ya mwezi, mtu mwadilifu akisema "nimeuona," neno lake hulipimi kwa hesabu. Unalipokea. Hao wote waliotazama na wasione, ushahidi wao si kitu mbele ya mmoja aliyeona. Kwa hiyo Faraji akaandika kundini, kwa fahari kidogo, kwamba setilaiti haijahama. Imeonwa Maskati kila jioni na shahidi wa kuaminika. Wakamwomba saa kamili. Akamwandikia Nuha, Nuha akamtumia saa. Akawapelekea.

Watu wa kundi wakaliheshimu neno hilo. Jioni mbili nzima walisimama nje katika nchi zao, wengine kwenye baridi kali, wakitafuta mahali Faraji alipowaambia. Hawakupata chochote. Kisha yule wa Uturuki akaipata kwa bahati, ikipita wakati mwingine kabisa. Wawili wengine wakaithibitisha, njia mpya ikahesabiwa. Mstaafu mmoja wa Uskochi, aliyekuwa kama karani wao, akamwandikia Faraji kwa adabu nyingi. Alisema saa zile zilizotoka Maskati zinalingana na njia ya zamani, kama mtu aliyezisoma kwenye programu badala ya angani. Wakati huo chombo kilikuwa upande wa pili wa dunia. Ripoti yake imewekwa kando, na asijisikie vibaya, hutokea.

Faraji alisoma maneno hayo akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa darini. Uso ulimwaka kwa aibu. Tangu awe mtu mzima, ushahidi wake haukuwahi kuwekwa kando na mtu yeyote. Alianza kuandika jibu kali, kwamba mtoto wake hasemi uongo, kisha vidole vikasita. Alikumbuka siku ile mvua kubwa ilipopiga Oman, magari yakielea barabarani katika taarifa ya habari, anga lote likiwa limezibwa. Jioni hiyo pia ujumbe ulikuja. Nimeiona, Baba. Na yeye, anayejua vizuri wingu ni nini, aliusoma, akafurahi, akapanda darini.

Akashuka kwa Naeema, aliyekuwa akikunja manda za sambusa. "Mama Nuha, mtoto ana nini?"

Naeema hakuinua kichwa. "Muulize mwenyewe."

"Kuna kitu unakijua."

"Nakijua tangu mwezi wa Rajabu. Lakini si changu kukisema. Mpigie, Baba Nuha. Mpigie sasa kabla hajaanza futari, na umsikilize. Usimhoji kama kadhi."

Ilikuwa alasiri. Faraji akarudi darini, kati ya mashuka ya wapangaji, akapiga.

"Baba! Saa hii? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Nataka kukuuliza, na usikimbilie kujibu. Setilaiti yetu uliiona lini mara ya mwisho? Kwa macho."

Kulikuwa na sauti ya kisu kikikata kitu juu ya ubao. Ikakoma.

"Baba..."

"Kwa macho, mwanangu."

"Tangu tuhame ile nyumba ya kwanza," Nuha akasema polepole. "Ile ilikuwa na roof ya kuanika nguo. Hapa tuko flat ya katikati, na magharibi mimi niko jikoni. Jikoni hakuna dirisha, Baba. Kuna feni tu ya kutoa moshi."

Faraji akahesabu kimoyomoyo. Ilikuwa zaidi ya mwaka.

"Kwa nini ukaniandikia?"

"Siku ya kwanza nilitaka kukuambia sijaiona. Nikaongea na Mama, akasema umeshapanda juu, umekataa hata chai, unangoja neno langu. Sasa ningesema nini? Nikaandika. Siku ya pili ikawa rahisi. Baadaye ikawa ni kama kusema shikamoo. Na ulipotaka saa, nikasoma kwa programu, vile tulikuwa tunasoma." Akavuta pumzi. "Umeaibika mbele ya wale watu?"

"Kidogo."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe kabla hujaomba. Sasa nijibu lingine. Unarudi baada ya Idi?"

Faraji aliitoa simu sikioni, akaitazama kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Nimesaini miaka mingine miwili, Baba. Mama anajua. Nimekuwa nikitafuta siku ya kukuambia, na kila jioni naandika ile kitu nyingine."

"Sawa," Faraji akasema. "Ni vizuri. Kazi ni kazi. Sisi huku tuko sawa, hatuna neno."

"Baba, sasa ni wewe unadanganya."

Ni kweli alikuwa akidanganya, na alijua, na ulimi wake haukuzoea. Akashika kamba ya nguo kwa mkono mmoja. Wakoli alikuwa amejitokeza mlangoni na beseni lake, lakini alipoona uso wa jirani yake akarudi ndani kinyumenyume.

"Basi sikiliza," Faraji akasema. "Mimi si sawa. Nimekukosa, Nuha. Nimekupakia chumba rangi na nikikipita naharakisha. Mama yako akipakua, natazama mahali pako. Nilipokupeleka uwanja wa ndege nilikuambia habari za baridi, na nilichotaka kusema ni usiende. Sikusema kwa sababu ungebaki. Natamani kukuona mpaka naumwa. Haya ndiyo ninayoyajua, na haya naweza kuyaapia."

Upande wa pili Nuha alikuwa akilia, kilio cha kuficha, cha mtu aliyeweka kitambaa mdomoni. "Na mimi, Baba," akasema. "Na mimi pia. Wallahi." Kisha sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani ya nyumba ile, na Nuha akaitikia kwa Kiarabu, haraka, kwa sauti nyepesi ambayo Faraji hakuwahi kuisikia kwake. "Ngoja, Baba, nakuja, usikate." Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu.

Faraji akangoja. Alisikia mafuta yakichemka na kitu kikitumbukizwa humo. Alisikia maji yakifunguliwa, sahani zikipangwa, mtoto mdogo akiuliza jambo, na Nuha akimjibu kama anayemjibu kila siku. Yule mwanamke akasema kitu kirefu, na mwisho wake Nuha akaangua kicheko. Kilikuwa kile chake chenyewe, kikubwa kuliko kifua, kinachomkata pumzi mpaka ashike meza. Faraji hakuwa amekisikia tangu aondoke. Akacheka naye yule mwanamke, na mtoto akacheka kwa sababu wao wanacheka, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna simu juu ya meza.

Angeweza kuita jina lake. Angeweza kukata. Faraji aliketi kwenye ndoo, akaubana mdomo wake kwa kiganja ili asije akakohoa na kumkumbusha, akaendelea kusikiliza.